Bunduki Niliyoificha Chini ya Tende

Jumatatu, 12 Mfungo Pili
Ehe. Leo ndiyo umelikumbuka daftari lako? Siku tisa hata mstari! Skuli hukuikanyaga, lakini herufi za chuo cha Kurani unazo. Uvivu tu, bibi mzima we.
Nimemlisha mwanangu Nasor uji. Baba wa watu, namtilia kijiko mdomoni kama mtoto. Vidole viwili vimekwenda, mkono wa kulia, wa kuandikia. Karani! Harusi ya binti yake, kapiga risasi moja ya furaha, bunduki ya marehemu baba yake ikapasuka.
Namchukia yule fundi wa bunduki wa mji wa Nizwa. Mwezi uliopita tu kaitia mtutu mpya. Kaapa mzima.

Jumatano, 14
Si sisi peke yetu. Kaja mwanamke kutoka mji wa Samad kutupa pole. Mumewe kapoteza jicho, fundi huyohuyo. Na bado anauza. Idi hiyo inakuja, wanaume wote watataka kupiga hewani.
Nataka kwenda kwa kadhi. Salim, ndugu wa marehemu mume wangu, kacheka. "Shemegi, kosa la mkono, si la fundi."
"Mkono wa mwanangu haukutengeneza mtutu. Kunywa kahawa yako uende."
Kanywa vikombe vitatu zaidi.

Ijumaa, 16
Nimenasa. Bunduki haijaandikishwa. Nikishitaki, kadhi atauliza karatasi iko wapi. Nasor anakula mshahara wa serikali iliyotoa amri ya kuandikisha bunduki. Kazi itakwenda, labda na jela.
Na kosa langu. Amri ilipotoka, yeye alitaka kuiandikisha. Mimi nikaizungushia jamvi, nikaificha ghalani chini ya tende. Unguja nilijifunza: jina likiingia kwenye orodha, watu watakuja kukugongea mlango. Walikuja. Hapa Ibra, tulikokimbilia, hajagonga mtu.
Ingekuwa na karatasi, angeipeleka kwa fundi wa serikali, si kwa yule. Woga wangu umemla mwanangu vidole.

Jumapili, 18
Nasor kanishika kwa mkono mzima. "Mama, nakuomba, usende."
Nimekwenda. Nimeiweka bunduki mbele ya liwali, mkuu wa serikali hapa, mtutu umechanua kama ua. Nikasema: ya marehemu mume wangu, niliificha mimi, mwanangu alitaka kuileta. Na aliyeiharibu yuko Nizwa anauza.
Karani wa liwali akaniuliza jina. Mara ya kwanza tangu Unguja nalitoa lote, liandikwe.

Jumanne, 20
Bunduki wamebaki nayo. Fundi kaitwa kwa kadhi Jumamosi. Na mimi nimeitwa, nijibu langu. Nasor kaambiwa na ofisi yake angoje nyumbani mpaka kesi iishe.
Leo kajilisha mwenyewe, kwa kushoto. Uji wote kifuani. Tumecheka mpaka machozi.
Ukirudi kwenye daftari hili, usilete visingizio. Mpe Nasor kalamu aandike mstari wa kwanza, hata ukipinda.