Fene Langu na Moto Uliopoa Chini ya Bahari

Alhamisi. Mvua imekata saa tisa, Naguru yote inanuka udongo, na mimi nimegundua magma chini ya bahari.

Haya, uongo. Hiyo ni kazi ya binti yangu Apio. Mimi ni polisi mstaafu niliyeishia darasa la sita, na bahari nimeiona kwenye kalenda.

Leo asubuhi alikuwa na intavyu. Wanachagua mtu wa kupanda meli ya utafiti, nafasi ni moja tu. Jana alijaribu maelezo yake kwangu: meli inapiga kishindo majini, mawimbi yanashuka mpaka chini kabisa ya ukingo wa bara, yanarudi, vyombo vinasikiliza. Pale yanapokimbia kasi kuliko kawaida, huenda kuna magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza zamani bara likipasuka, ikapoa, ikawa mwamba mzito.

Nikapiga miayo. Kisha nikaliendea fene, yaani fenesi, nililonunua sokoni Ggaba, nikaligonga huku na huku, sikio nimelilaza juu yake.

"Limeiva. Na sijatumia kisu. Nipe digrii yangu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi na mdomo wangu nikaongeza: "Na ukikosea, mama? Huko chini nani amepasua akaona?"

Kicheko kikakatika.

Nikaona nimemharibia usingizi. Ikabidi nikiri: miaka yote nagonga mafene kwa majivuno, na yale yaliyokuwa mabovu nilisema nimetapeliwa.

Asubuhi akalichukua fene langu bila ruhusa, akapanda boda amelikumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mchana akanipigia simu. Walimuuliza swali langu lilelile. Akawagongea fene, akawaambia: "Hakika kamili sina. Nagonga pande nyingi, nalinganisha, nasema lipi linaelekea kuwa kweli. Baba yangu akikosea husema ametapeliwa. Mimi nitasema nimekosea."

Wamemchukua.

Kisha wakalipasua kuhakikisha. Lilikuwa limeiva, nasikia. Wamelila lote, hata kokwa sijarudishiwa.

Nimefurahi mpaka magoti yananiuma, nadhani nilicheza.

Apio, najua unasoma hapa kwa siri. Meli itangoja. Kabla hujapanda, nilipe fene jingine, upake mikono mafuta, uje unimenyee, maana ule ulimbo siuwezi tena.

Kugonga nitagonga mwenyewe.