Bei ya Sare kule Mchesi

Dzaleka, 2 Aprili 2023

Papa mpendwa,

Jambo sana. Huku kambini tuko wazima, kikohozi cha mama kimepungua. Na mgongo wako?

Masomo ya uchumi yananipendeza. Tunasoma habari za profesa mmoja wa Chicago aliyefundisha kwamba bei iachwe huru. Wauzaji wakipatana bei, anayeumia ni mnunuzi. Nikawakumbuka ninyi mafundi cherehani wa Mchesi na bei yenu moja ya sare za shule. Papa, shusha yako. Wateja watakuja wenyewe.

Mtoto wako,
Lucie

Mchesi, 23 Aprili

Lucie mama,

Jambo na kwako. Mgongo bado unauma, nashukuru Mungu tu.

Nilishusha. Profesa wako hakudanganya, wazazi wamejaa mlangoni, cherehani haipoi. Ila fundi Kachale hanisalimii tena. Yeye mwenyeji njo alinipa hiki kibaraza, na wakaguzi wa wakimbizi wakija huwaambia cherehani ni yake, maana sisi haturuhusiwi kufanya biashara mjini. Jana nilimsalimia, akainamia kitambaa. Huyo profesa alisema nini juu ya jirani?

Nimechoka, mwanangu.

Papa Evariste

Dzaleka, 7 Mei

Papa,

Jambo. Mama anauliza kama unakula.

Swali lako nilimpelekea mwalimu. Akanipa kitabu cha mpinzani wa profesa, mtu aliyeihama Vienna kwa ajili ya siasa, kama sisi tulivyokimbia Bukavu. Huyo alisema soko halisimami peke yake, limeshikwa na ujirani na desturi za watu. Ukilichomoa humo, watu wanaumia. Nilikupa nusu ya somo, Papa.

Rudisha bei. Mpelekee Kachale soda, umwombe radhi. Huku wanasema amri ya serikali, wakimbizi wote warudi kambini, imekaza. Nenda kwake leo.

Lucie

Lilongwe, 19 Mei

Lucie mama,

Jambo. Naandika nikiwa kituo cha polisi, tunangoja lori la kutuleta Dzaleka.

Wakaguzi waliuliza, "Iyi mashini ni ya nani?" Kachale akaniangalia. Akasema hajui. Wakaibeba. Sina hasira naye, nimechoka tu. Mwambie mama asisonge nsima nyingi, hamu ya kula sina. Na wewe usiache shule.

Bei nilikuwa nimeirudisha. Soda pia nilinunua asubuhi ile ya wakaguzi, nikawa nangoja wateja wake wapungue nimpelekee. Iko chini ya kiti changu. Ataikuta akifagia kibaraza.

Papa yako