Sindano ya Mgeni

Lyon, 20 Aprili

Kwa shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba hajambo, ila mgongo unamsumbua akitoka kazini. Je, wewe na nyumba nzima mu wazima? Mbuzi wa Tuda ameshazaa?

Nina habari njema. Mwezi wa Juni nakuja huko kijijini Aghbalu, na safari hii siji kukaa na kula tu. Nakuja na vijana wenzangu wa kujitolea, tutamsaidia muuguzi Moha pale zahanati. Unajua naomba kuingia chuo cha udaktari mwakani. Huku kila mwombaji ana alama nzuri, kwa hiyo wanataka kujua umewahi kumhudumia nani. Nikawaza, kama ni kuhudumia, si nianze na watu wa baba yangu?

Niwekee mkate wa shayiri.

Mwanao,
Ghizlan


Aghbalu, 9 Mei

Kwa binti wa kaka yangu,

Sote wazima, ukimwondoa jirani yetu Hadda ambaye hajawahi kuwa mzima tangu nimjue. Mbuzi amezaa mapacha. Mkamwana wangu Tuda anakusalimu wifi yake, anasema zulia lake limefika nusu, kwa hiyo usitegemee soksi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu naishia kupiga kelele, na karatasi hainikatizi.

Njoo, nyumba ni yako. Lakini nijibu jambo moja. Moha amesomea uuguzi, wewe umesomea nini? Ukiingia hospitali ya huko kwenu ukasema, "Nipeni sindano niwasaidie," watakupa? Hawakupi. Basi kwa nini sisi? Vijana wa mwaka jana walinipima presha kwa zamu mpaka mkono ukafa ganzi. Mmoja akasema ninayo, mwingine akasema sina. Niliwashukuru wote nikawachemshia chai. Ningefanyaje, nao ni wageni?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukija nitakupa jembe. Hakuna aliyesema apewe sindano.

Shangazi yako,
Itto


Lyon, 14 Julai

Kwa shangazi mpendwa,

Nimefika salama, na baba amekula lozi zako zote. Najua ulinuna kwa kuwa sikulala kwako. Kikundi kilitaka tulale pamoja, nisamehe.

Shangazi, bado siamini ile siku Tuda alipotoka shambani, mkono umefungwa mtandio na damu imetapakaa mpaka kwenye kiwiko, mundu umemkata kiganjani. Moha alitandaza vifaa, akanitazama, akasema, "Karibu, daktari," akanikabidhi sindano. Nilimshona wifi yangu kwa mikono yangu mwenyewe! Tuda hakulia. Alinitazama tu akitabasamu, na siku ya kuondoka akaniletea mayai na lozi. Wewe ulisema siwezi kuwafaa kitu.

Nimeyaandika yote hayo katika barua yangu ya maombi. Mwalimu anasema ndiyo itakayonivusha. Mwambie Tuda anitumie picha ya kovu.

Mwanao,
Ghizlan


Lyon, 30 Agosti

Shangazi, hamjambo? Mbona kimya? Kama nimekukosea, niambie.

Ghizlan wako


Aghbalu, 21 Septemba

Ghizlan,

Sisi wazima, isipokuwa mmoja.

Uliomba picha ya kovu. Kovu ni zuri, limenyooka kama mshono wa fundi cherehani. Vidole viwili vya mkono huo havikunjiki. Tuda alinificha tangu mavuno. Juzi nimemkuta mbele ya zulia lake anafunga mafundo kwa meno. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Ningemwambiaje wifi, mama? Alikuwa amefurahi sana."

Nikamwendea Moha. Nilimfokea mpaka mbwa wake akaingia chini ya kitanda. Anakiri alijua. Anasema jeraha la kiganja huwa haligusi kwa sindano kabla ya kumwambia mtu akunje vidole, na visipokunjika analifunika tu na kumpeleka mjini. Nikamuuliza, "Basi kwa nini ulimpa yule mtoto?" Akainama. "Ni mgeni, mama Itto. Kipande cha kwanza ni cha mgeni."

Umesikia? Mpumbavu huyu alikugawia mkono wa mkamwana wangu kama nyama ya harusi, na wewe ukaupokea. Mayai uliyopewa hayakuwa shukrani. Hapa mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa ametuchomea nyumba.

Tunampeleka Meknes kwa daktari wa mikono. Naishia hapa kabla sijatukana.

Itto


Lyon, 2 Oktoba

Shangazi,

Barua yako nimeisomea chooni ili baba asinione nikilia. Nimeumia kwa ajili ya Tuda, Mungu anajua. Lakini na mimi nina hasira, na nitaisema.

Nilimuuliza Tuda, "Niendelee?" Akasema endelea. Nilimtazama Moha, akaitikia kwa kichwa. Sasa mtu anayekuambia ndiyo huku moyoni anasema hapana, yeye hana kosa? Mlinichekea wote, mkanijaza mayai, halafu mnasubiri niondoke ndipo mniite mharibifu. Na ada tunazolipa vijana ndizo zinazonunua dawa za zahanati, Moha mwenyewe alituambia. Tusipokuja sisi, nani atakuja?

Maombi nimeshayatuma. Unataka niyafute? Nikikosa chuo, vidole vitakunjika?

Ghizlan


Aghbalu, 19 Oktoba

Binti wa kaka yangu Bassou,

Umeuliza, nakujibu.

Ndiyo, Moha ana kosa, tena kubwa kuliko lako. Tuda naye ana lake. Mimi nimo pia, niliyewachemshia chai wale wa presha badala ya kuwafukuza. Adabu yetu imetuponza, na nimegombana na nusu ya kijiji kwa kulisema hilo. Lakini hukupaswa kumuuliza Tuda kama uendelee. Yeye angejuaje? Ulipaswa kujiuliza wewe uliyeshika sindano.

Na hizo ada, mwenye kutaka kununua dawa anunue dawa. Nani alipatana nasi kwamba tutailipia kwa mikono yetu?

Daktari wa Meknes anasema kano zilikatika, zile kamba zinazovuta vidole. Angemwona mapema angeziunga. Sasa zimejivuta ndani, atajaribu lakini haahidi kitu. Zulia tumelishusha likiwa halijaisha.

Hapana, ukikosa chuo vidole havitakunjika. Ila mkono ule umo katika barua yako kama sifa yako, na hilo silivumilii. Waandikie ukweli, au usiniite shangazi tena.

Itto


Lyon, 6 Machi

Kwako Itto, maana sijui kama nina ruhusa ya kukuita vingine,

Natumai theluji imewaachia njia na kwamba kifua chako hakikukusumbua. Baba ameniambia Tuda alipasuliwa, na kidole kimoja kinakunjika kidogo. Nimeshindwa kumpigia. Nitamwambia nini?

Niliwaandikia chuo, yote, mpaka lile tabasamu lake. Nilingoja wanikatae. Badala yake wakaniita kwenye usaili. Nikasimulia tena mbele yao. Mama mmoja akafuta machozi, akasema ni nadra kumpata kijana mwenye moyo wa kukiri namna hii, na kwamba madaktari wa namna hiyo ndio wanaowatafuta.

Wamenichukua. Hakuna aliyeuliza jina la Tuda. Hakuna aliyeuliza kama alipona.

Kile kikundi nacho nilikiandikia. Wamenishukuru kwa maoni yangu, na mwezi wa Juni wanawaleta vijana wapya kwenu.

Nataka kuikataa nafasi hii. Niambie nifanye nini.

Ghizlan


Aghbalu, 25 Machi

Kwa Ghizlan,

Wazima. Theluji imeyeyuka na Hadda bado anakufa, kama kawaida yake.

Barua yako nilimsomea Tuda. Nilipofika kwa yule mama wa machozi nilishindwa kuendelea kwa hasira. Mkono wa mtu umekubeba mara mbili, kwanza ulipodhaniwa umeshonwa vizuri, kisha ulipojulikana umeharibika. Kwa wakubwa wako hao hata kosa ni cheti. Nimewalaani kwa Kiarabu na kwa lugha yetu, na bado sijatosheka.

Usikatae. Ukikataa watakusifu kwa hilo pia. Nenda ukasome, na mkifika kwenye mkono usilale mpaka umeijua kila kano, kwa sababu mtu wa hapa ataumia tena na muuguzi wetu ni Moha yule yule.

Hao wa Juni waje. Chai watakunywa, nyama watakula, kisha watazibua mtaro ulio nyuma ya zahanati. Chumba cha matibabu Moha atakifunga kwa ufunguo, nimemwapisha mbele ya mkewe. Wazee wananiambia nimekivua kijiji nguo kwa kuwanyima wageni. Nimewaambia wao ndio watangulie kutoa mikono yao.

Nilimuuliza Tuda kama ana neno la kukupelekea. Alisokota sufu kwa ule mkono mzima. Kisha akasema, "Mwambie wifi aje, nyumba ni yake. Lakini akitaka kuushika mkono huu, nitamwambia hapana."

Nimeishi naye tangu alipoolewa, na sijawahi kumsikia akimwambia mgeni neno hilo. Akalirudia, kisha akalirudia tena, taratibu, apate kulizoea.

Jembe lako liko mlangoni.

Shangazi yako,
Itto