Mama, Nepi Zimekauka

Mama,

Ni wawili! Nimekaa hapa uani juu ya debe lililopinduliwa, karatasi iko gotini, na nimeshindwa hata kuanza na salamu jinsi ulivyonifundisha. Ni wawili, Mama, na wote ni wasichana. Wewe uliyezaa wavulana mfululizo mpaka majirani wakakuita Mama Jeshi. Wewe uliyekuwa ukisema, "Mungu ananipa walinzi tu, wa kunisuka nywele hanipi." Leo una wajukuu wa kike wawili kwa mpigo, huku Nyeri, kwenye baridi ambayo hukuwahi kuionja. Aliyetangulia ni Mukhwana, aliyemfuata ni Mulongo. Majina ya mapacha kwetu hayana mjadala, na Wambui hakubisha.

Wambui ndiye mama yao. Hukumwona, Mama. Nilikuwa nimepanga kumleta Bungoma ile Krismasi umwone, nawe ukaondoka kabla ya mahindi kukomaa. Anafundisha darasa la kwanza katika shule ninayofundisha. Ni mwembamba, mcheshi, akicheka hufunika macho badala ya mdomo. Ungempenda. Ungemwambia hali vya kutosha, halafu ungempenda.

Kwao ni Giakanja, si mbali na hapa mjini. Baba yake alinikubali polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Mama yake hakunikubali. Nilipopeleka wazee aliuliza mbele ya wote, "Ati Bungoma? Huko ni wapi? Mtoto wangu akigonjeka nitafika lini?" Siku ya arusi hakuja kanisani. Hakutukana mtu wala hakulaani. Alinyamaza tu, na tangu siku hiyo mguu wake haukukanyaga nyumba yangu. Wambui alikuwa akienda kumtembelea peke yake, na akirudi anakuwa mkimya mpaka nizime taa. Nami nikazoea, nikijiambia mambo ndivyo yalivyo kwa mtu aliyeoa mbali na kwao.

Sasa sikiliza. Watoto walikataa kutoka kwa njia ya kawaida, ikabidi Wambui apasuliwe. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiwa nimeshika kofia yangu, nikiikunja na kuikunjua, na nilikuita, Mama. Nilikuita kwa jina lako la usichana, sijui kwa nini. Kisha nesi akatoka na bunda moja, nikasimama. Akasema, "Ngoja, bado mwingine." Nikakaa tena. Watu wakacheka. Nilicheka nao huku machozi yananitoka, na mzee mmoja ambaye simjui akanishika bega akasema, "Lia tu kijana, hapa kila mtu hulia."

Walipomruhusu Wambui kurudi nyumbani, daktari alituonya: asiiname, asibebe ndoo, asifue hata leso, mpaka kidonda kipone sawasawa. Nilikuwa nimemwandikia ndugu yangu Wafula amtume mke wake aje kutusaidia. Kumbe naye shemeji ni mjamzito, miguu imemvimba, hawezi hata kukaa kwenye basi. Huku hatuna shangazi, hatuna binamu, hatuna dada. Niko mimi. Bahati nzuri shule zilikuwa zimefungwa.

Mama, unajua mapacha wanachafua nepi kiasi gani? Unamfunga huyu, yule amelowa. Unamgeukia yule, huyu amefanya makubwa zaidi. Karai halipumziki. Basi nikakunja mikono ya shati, nikavuta karai kubwa hadi karibu na bomba tunalotumia na walimu wenzangu, na nikaanza kazi uliyonifundisha pale mtoni.

Nilipochovya mikono kwenye maji yale (yanatoka mlimani, Mama, yanauma kama meno) nilisikia sauti yako wazi kabisa. "Loweka kwanza, usikimbilie kusugua." Nikaloweka. "Sabuni si chumvi, usinyunyize, pakaza." Nikapakaza. Nilikumbuka wavulana wa kina Wanyonyi walivyokuwa wakikaa juu ya mawe wakinizomea, mwanamume anafua, mwanamume anafua, nawe bila hata kuinua kichwa ukawajibu, "Uchafu haujawahi kumuuliza mtu kama ni mwanamume." Halafu ukanirushia shuka na kuniambia kola ya baba bado. Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa unanitayarisha kwa siku hizi.

Nepi nilizichemsha kwenye debe juu ya jiko, nikizigeuza kwa mpini wa ufagio. Nikazisuuza mara nyingi, maana ulituambia sabuni iliyobaki humchoma mtoto, tena ulizoea kusema suuza mpaka maji yawe ya kunywa. Niliona raha, Mama. Nakwambia ukweli. Kila nepi niliyoianika niliona kama nimemvalisha mwanangu heshima. Niliimba hata zile nyimbo zako za kupalilia.

Walimu wenzangu hawakuimba nami. Mutua, Mkamba anayekaa nyumba ya pili, alitoka na mswaki mdomoni, akanitazama mpaka povu likamdondoka kifuani. "Mwalimu Simiyu! Ati siku hizi umekuwa mama?"

"Niko na watoto wawili, Mutua. Wewe uko na mdomo mmoja tu na haufungiki."

Alicheka, lakini siku iliyofuata walikuja watatu kutazama. Waliegemea ukuta kama watu walio uwanjani. Mmoja akaniuliza kama nitawanyonyesha pia. Niliwaacha. Nilikuwa na nepi za kukamua.

Lakini matata hayakutoka kwa watu. Yalitoka juu. Unajua Agosti ya huku ilivyo? Hujui. Jua linasahau kazi yake. Mlima unajifunika na kutoonekana hata kidogo, ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na kuna mvua nyepesi ambayo hainyeshi wala haikomi. Nilianika nepi asubuhi, jioni nikazianua zikiwa nzito kuliko nilivyoziweka. Kesho yake vilevile. Nikazitundika jikoni, zikanuka moshi. Nikazipiga pasi ya makaa, mvuke ukajaa chumbani kama tunapika githeri, na bado ukizigusa zina unyevu. Nepi kavu zikaanza kupungua. Nikachana shuka letu jipya la arusi. Wambui aliona, akageukia ukutani, akalia bila sauti. Alisema, "Mama yangu yuko karibu hapo tu, na ni kama yuko ng'ambo." Kisha Mulongo akapata vipele mapajani. Vidogo tu, lakini nilivihesabu kimoja kimoja. Hapo wimbo ulikatika, Mama. Hapo nilikutaka mno.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani, nimevaa fulana tu na suruali kuukuu, mikono imezama kwenye karai la nepi, zile zenye makubwa, si zile za mkojo tu. Nikasikia lango linalia. Nikainua macho. Mama mkwe!

Unajua mwiko wetu. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake, hampi mkono, wakikutana njiani anaingia kichakani. Nami nilikuwa mbele yake nikiwa na fulana iliyotoboka na povu mpaka viwikoni! Nilitafuta kichaka. Hakuna kichaka katika nyumba za walimu. Niliinuka nusu, nikakaa nusu. Nyuma ya ukuta nilimsikia Mutua akisema, "Yesu!"

Alikuwa amebeba kiondo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, leso imelowa. Baadaye nilijua kwamba mwanamke mmoja wa sokoni alikuwa amemsimulia: binti yako amezaa mapacha na yule mwalimu wa magharibi anafua nepi mbele za watu. Hakuamini. Akaja kujionea.

Hakunisalimu. Alitua kiondo chini, akaenda moja kwa moja kwenye kamba. Akashika nepi moja, akaivuta kwa mikono miwili na kuitazama kwenye mwanga ule mdogo. Akainusa. Akaikamua pembe moja, matone yakamwangukia kiganjani, akayasugua kwa kidole kutafuta utelezi wa sabuni. Akaenda kwenye ya pili. Akaenda kwenye ya tatu. Mimi nimechuchumaa pale kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Nani alifua hizi?"

"Ni mimi, mama."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na wewe nani alikufunza?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi, nimsalimie?"

Mama, nilizamisha tena mikono kwenye karai. Nilisema, "Alitangulia."

Aliirudisha ile nepi kwenye kamba, akainyoosha pembe. Kisha akasema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Huyo mama alinifanyia kazi na hata hanijui."

Basi. Hayo tu. Akavua sweta yake, akaitundika kwenye msumari wa mlango, akaniambia, "Nepi ziko sawa, shida ni moto. Wewe unakausha kama mtu wa nchi ya jua." Akaniagiza mawe. Ndiyo, mawe! Nilikimbia kuyaokota nyuma ya choo cha shule, mawe ya mviringo. Akayapanga kuzunguka jiko, yakapata moto, akageuza kapu kubwa la viazi juu yake na kutandaza nepi zilizokamuliwa vizuri juu ya kapu. Joto likapanda polepole, bila moshi. Akasema huko kwao Agosti zote wanakausha hivyo.

Palikuwa na shuka bado karaini, lile lililobaki zima. Shuka halikamuliwi na mtu mmoja. Aliinama akachukua ncha moja na kunitupia nyingine. Nikasita, nikifikiria mwiko. Akasema, "Kamata, muthoni." Ndivyo wanavyomwita mkwe huku, na hajawahi kuniita hivyo. Nikakamata. Akazungusha kushoto, mimi nikazungusha kulia, maji yakatoka kati yetu kwa kishindo na kuturukia miguuni, na yeye akacheka. Mama, anacheka kama Wambui! Anafunika macho!

Ndipo Wambui akatokea mlangoni akijishikilia kwenye fremu. Walitazamana. Mama mkwe akaacha shuka likaning'inia mkononi mwangu, akaenda kwake, na nililoliona baada ya hapo si langu kulisimulia. Niliokota sabuni iliyoanguka nikaanza kusugua kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

Alikaa nasi. Wa kuoga wanaogeshwa na yeye, nguo za kufua nafua mimi. Alikataa kabisa kunipokonya karai. Mutua alipopita na maneno yake, alimwambia, "Wewe mwalimu wa huko chini Ukambani, hiyo shati yako ina kola nyeusi. Kuja hapa ufunzwe." Mutua alikuja, Mama! Alikuja akijikokota kwa aibu na mashati yake matatu. Nilimwonyesha jinsi ya kuanza na kola, kisha kwapa, kisha mengine. Jana nilimsikia akimweleza yule wa nyumba ya tatu, kama jambo alilolizaa mwenyewe, "Usikimbilie kusugua, loweka kwanza." Wewe umefundisha nyumba za walimu Nyeri nzima, na hujawahi kupanda basi la kuja huku.

Mulongo amepona vipele. Mukhwana anashika kidole changu na haachii. Nadhani ana mikono yako. Baba mkwe alikuja Jumapili na kondoo dume, akala nasi, na alipokuwa akiondoka alisimama kando ya kamba ya nguo akatikisa kichwa, akitabasamu.

Na leo, Mama, leo jua limetoka! Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi, siwezi kungoja. Mlima umejifunua wote, theluji inameta, na kamba imejaa kutoka mlangoni mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Nepi zote zimekauka. Zinapiga makofi kwa upepo, na mwalimu mkuu amesema leo zikae hapo, bendera haitalalamika.

Kuna usiku bado nakukosa sana. Sikufichi. Nilifikiri mtoto akizaliwa uchungu ungepungua, kumbe umepata njia mpya: kila wakifanya jambo nataka kukuita uone. Lakini ni uchungu wenye kelele za watoto ndani yake, na huo naweza kuubeba.

Asubuhi hii, tukiwa tunaanika, mama mkwe aliniuliza Bungoma ni basi ngapi. Nikamwambia unaenda Nakuru, unabadilisha, kisha Eldoret, kisha kwetu. Alibana nepi nyingine, nikadhani ameona ni mbali, kama siku ile ya wazee. Kisha akasema, "Krismasi hawa watoto watakuwa na nguvu. Tutaenda sisi sote. Nataka kuona mahali huyo mama amelala."

Nimemuahidi, na sasa nakuahidi wewe. Nitamwandikia Wafula apalilie kaburi na kupaka chokaa nyumba. Nitakuletea Mukhwana na Mulongo wakiwa safi. Na nyuma yao utamwona mwanamke ana kiondo mgongoni, amechoka na basi. Huyo usimwogope. Amekuja kukusalimia.

Kwaheri kwa leo, Mama. Lala vizuri.

Mwanao,
Simiyu