Kiti cha Trekta la Babu Yako

Mjukuu wangu Mugisha,

Hapa Nshamba hatujambo, na kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza ununue mashine gani ya kukata nyasi, ile ya kuendesha umekaa, kwa eneo lako lenye mawe na vichuguu.

Ujanani babu yako alikata nyasi za ranchi kwa trekta lenye kiti cha chuma kitupu. Jioni moja alishindwa kuinama amnyanyue mama yako, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Nikamwambia, "Kukaa kutwa nzima kunachosha nini?" Asubuhi akarudi kazini. Mgongo wake haukupona hadi tulipomzika, na sikuwahi kumwomba radhi.

Nunua yenye kiti cha springi na matairi mapana. Ikalie kwanza hapohapo dukani. Na mkeo mwambie, siku utakayosema umechoka, akuamini.

Bibi yako,
Koku