Vuta, kwa sauti isiyo ya mdogo wangu

Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nikikosea herufi mnisamehe.

Leo nusura nimuue Hamisi.

Hamisi ni mdogo wangu, nimemlea mimi tangu mama atutoke. Anachimba dhahabu kwenye duara letu, shimo jembamba lenye kina kirefu, huku Ikungi. Mimi nakaa juu kwenye winchi, mashine inayovuta kamba ya ndoo. Yeye anaingia kwenye ndoo, ananiita kwa redio koli, nami nabonyeza swichi. Jenereta linanguruma, siwezi kumsikia kwa namna nyingine.

Zamani hakuwa anasema "vuta" hivi hivi. Alikuwa anaanza, "Shikamoo dada." Kila mara, hata kama tumeamkiana asubuhi hiyo hiyo. Wenzake walimcheka, shikamoo gani hizo za shimoni. Mimi nilikuwa naipenda.

Wiki iliyopita redio tulizipeleka kwa fundi Singida mjini. Watumiaji wameongezeka, chaneli zimesogezwa karibu karibu ili wote watoshe. Fundi alituwekea chaneli yetu akasema ni kama matuta ya viazi: ukiyabananisha, unapata mengi, lakini jembe likiwa pana unachimba na la jirani. Redio nzuri ina sikio jembamba. Yetu ni ya bei rahisi, sikio lake pana, inanasa na maneno ya chaneli ya jirani. Akatushauri tuseme kwa kifupi: shusha, vuta, simama. Tukamtii. Shikamoo ikaondoka.

Leo mchana redio ikakwaruza, "Vuta." Sauti imepasuka, kama mtu anaongea ndani ya debe. Nikabonyeza.

Kamba ikakaza, halafu nikaona ndoo ni nyepesi. Nyepesi mno. Kabla sijaelewa, redio ikalia, "Dada! Dada, simama!"

Nikasimamisha. Sijui mkono ulifikaje kwenye swichi.

Alikuwa ametia mguu mmoja tu ndani ya ndoo, mwingine bado kwenye ngazi ya miti. Ndoo ilimpandisha mguu huku yeye ameng'ang'ania ngazi. Ametoka na muundi umechunika hadi nyama nyeupe inaonekana. Nilimpiga kofi la bega, halafu nikakaa chini nikalia mbele za watu.

Mzee Athumani wa duara la jirani akaja. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Akasema, "Mwanangu, ile vuta ilikuwa yangu. Nilikuwa nawaambia wa kwangu." Wana redio mpya, zina nguvu, na chaneli yao imekaa ubavuni mwa yetu. Hana kosa lolote. Hilo ndilo linaniogopesha zaidi, kwa sababu kesho atasema tena.

Fedha ya redio bora hatuna kwa sasa. Na Hamisi anashuka kesho, anasema mwamba wenye dhahabu unakaribia. Nimembembeleza apumzike, wapi.

Basi nikamwambia, rudisha shikamoo yako, na wakucheke. Akanitania, "Na Mzee Athumani akikuamkia je?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza leo. Mzee yule ananizidi umri mara mbili, hawezi kuniamkia mimi hata kama shimo linambomokea. Hakuna mwingine kwenye hewa ile anayeweza kuniita shikamoo dada.

Lakini naogopa. Naogopa kukwaruza kwa ile redio, naogopa swichi, naogopa huu mkono wangu uliozoea kubonyeza.

Hamisi amepita hapa sasa hivi akichechemea kwenda kulala. "Shikamoo dada." Nimeitikia marahaba.

Kesho nitaisubiri hiyo. Kamba haitasogea mpaka nimeisikia.