Tumetoboa Ukuta wa Chumba cha Rangi

Jumatano. Mvua ilipita alfajiri, sasa jua limetoka na ziwa limetulia. Moyo wangu pia umetulia, kidogo.

Juzi Mateso alianguka. Ndiye mpiga rangi wa garaji yetu. Alikimbia Luvungi na familia yake vita ilipofika kwao. Kazi yangu minye ni kuchomelea mabati na kunyoosha milango iliyopondeka. Tangu risasi zianze kusikika hapa Uvira, patroni, mwenye garaji, anatutaka tufunge geti na kupiga rangi ndani, katika chumba kisicho na dirisha. Gari likionekana njiani, watu wenye bunduki wanalichukua. Barakoa za kazi zilikuwa zinatoka Bujumbura, lakini mpaka umefungwa. Tunajifunga vitambaa puani.

Nilisikia pistole ya kupulizia rangi ikifoka tu, hatua za Mateso sizisikii. Nikafungua mlango. Amelala kando ya gari, midomo imebadilika rangi. Nilimburuta hadi uani, nikammwagia maji, nikamwita jina lake mpaka akatapika.

Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akitapika.

Jana patroni alisema Mateso apumzike, kisha kazi iendelee vilevile. Si mtu mbaya. Gari la mtu likichukuliwa, atamjibu nini mwenyewe? Lakini nilimwambia, "Patroni, minye siingii tena mule, na Mateso haingii. Tutoboe ukuta kule juu, hewa ipite. Gari halitaonekana."

Alisugua kichwa. "Nyuma ya ule ukuta iko Mama Riziki. Weye nenda umuulize."

Nikaenda. Mama Riziki, jirani yetu, alikuwa anakaanga mandazi uani. Akanisikiliza huku akiyageuza.

"Hiyo harufu yenu haishiki moto?"

Inashika. Nilitazama lile jiko lake, nikaona aibu. Nilitaka kumwokoa mmoja kwa kumchoma mwingine.

Yeye ndiye aliyesema, "Si muna ukuta mwingine, wa upande wa ziwa? Toboeni ule. Na yale maji makali munayooshea rangi, muache kuyamwaga mu mtaro. Yanashuka kule tunakochota maji. Bomba zimekauka, tunakunywa ziwa."

Ukuta wa upande wa ziwa. Tuliuegemezea vyuma chakavu miaka mingi mpaka tukasahau kwamba ni ukuta.

Leo asubuhi tumevihamisha, patroni mwenyewe akibeba kama sisi. Mama Riziki amekuja na mandazi, akabaki kututazama. Nilipanda ngazi na nyundo. Tofali la kwanza lilikataa, la pili likatoka, halafu upepo ukaniingia usoni. Patroni aliingia chumbani, akavuta pumzi, akatoka. Baadaye nikamwona anaviringisha pipa lenye kifuniko mpaka mlangoni. Maji machafu ya rangi yataingia humo, si mtaroni.

Likijaa tutalipeleka wapi? Sijui bado. Barabara ikifunguliwa, tutauliza wanaojua.

Mateso aliambiwa abaki nyumbani. Amekuja. Alipanda ngazi taratibu, akaingiza uso katika tundu.

"Kumbe Burundi iko inaonekana hapa," akasema.

Alikaa pale juu muda mrefu, akivuta hewa. Kazi ilikuwa inamngoja. Hakuna aliyemwita ashuke.